"Lie" na "Lay": Nani Amelala, Nani Amelazwa?

Katika vitenzi vyote vya Kiingereza tunavyovitumia hapa shuleni, kwenye insha, kwenye kumbukumbu za mikutano ya vyama vyetu, na hata kwenye matangazo yanayobandikwa ukutani, sikijui kimoja kinachoonewa kama "lay". Kila mtu hukivuta upande wake. Mara kitabu "is laying" mezani, mara mbwa "is laying" mlangoni, na mgonjwa naye jana "laid" kitandani mchana kutwa. Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu. Mwanafunzi huutazama wino, hufunga daftari, na wiki ijayo mambo ni yale yale.

Yamkini msomaji atauliza: mbona jambo la Kiingereza limekuja kukaa katika ukurasa wa Kiswahili? Swali hilo ni la haki. Nimesoma maelezo ya neno hili katika vitabu kadha vya sarufi ya Kiingereza, navyo karibu vyote husema kwamba "lay" huchukua yambwa na "lie" haichukui, kisha huweka jedwali na kumwacha mtu hapo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayakai kichwani. Bali Kiswahili kinalo jambo hili hili tangu zamani, na mtoto wa miaka minne hulisema bila kukosea. Nadhani njia fupi ya kufika kwenye "lay" ya Waingereza hupitia nyumbani kwetu.

Tuanze na maneno mawili: lala na laza. "Mtoto amelala" ni sentensi iliyokamilika. Mwambie mtu, "Nimelaza," naye atakutazama akingoja umalizie. Umelaza nini? Umemlaza nani? Laza haliwezi kusimama peke yake, maana lina njaa ya kitu cha kulazwa. Basi "lie" ni lala, na "lay" ni laza. Mtu alalaye chali, mbwa alalaye kivulini, jiwe lililolala njiani, hao wote "lie". Mama amlazaye mtoto mkekani, huyo "lays". Wenzetu Waganda nao wanayo okugalamira, yaani kujinyosha chini, na okugalamiza, yaani kumnyosha mwingine. Wanayo okwebaka na okwebasa, kulala usingizi na kumlaza mtu usingizi. Wanyarwanda wanasema kuryama na kuryamisha. Kwa hiyo karibu sote tuliomo humu madarasani tulizaliwa na tofauti hii mdomoni, ila tunapovaa Kiingereza tunaivua na kuiacha mlangoni.

Lakini yafaa nieleze kwamba maneno haya mawili ya Kiingereza yamepanuka kuliko lala na laza zetu. "Lie" hutumika kwa kitu chochote kilichotulia mahali, na hata kwa mji. Sisi twasema Jinja iko pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria; Mwingereza husema "Jinja lies" pale. Hakuna aliyeulaza mji ule, uko tu. Mwanafunzi akiandika "Jinja lays", basi mji umepewa kazi ya kulaza kitu, na msomaji anangoja kuambiwa ni kitu gani.

"Lay" nayo imekusanya kazi nyingi ambazo Kiswahili kimezigawa kwa vitenzi mbalimbali. Mwashi akipanga matofali, "he lays bricks". Mtumishi akiandaa meza kwa chakula, "he lays the table". Mgeni wa heshima akiweka jiwe la msingi la bweni jipya, "he lays the foundation stone". Kuku akitaga, "she lays an egg". Fundi akilaza mabomba ya maji ardhini, "he lays pipes". Reli pia. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala haikuipata mpaka mwaka 1931. Kazi yote hiyo huitwa "laying the railway". Ukitaka kuona maneno yote mawili katika safari moja, sema kwamba reli "was laid" mpaka Kisumu, na Kisumu "lies" kando ya ziwa. Reli ilitandikwa na watu kwa jasho lao. Mji umekaa zake ufukoni.

Tazama sasa kwamba katika mifano yote hiyo ya "lay" swali ni lile lile moja: nini? Amepanga nini? Matofali. Ametaga nini? Yai. Ikiwa swali hilo lina jibu katika sentensi yako, andika "lay" bila hofu. Ikiwa halina jibu, na bado umeandika "lay", ujue umemwacha msomaji mkono hewani. Ndiyo maana Mwingereza mwenye utani akisoma "I was laying under the mango tree" huuliza kama mwandishi alikuwa anataga mayai.

Hapo ndipo mtu angedhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu Waingereza wametega mtego katika wakati uliopita.

Kiswahili chetu kina utaratibu mzuri. Nalala, nililala, nimelala, nitalala: mbele kunabadilika, shina linabaki lile lile. Nalaza, nililaza, nimelaza: vivyo hivyo. Huwezi kuichanganya "nililala" na "nalaza" hata ukiwa na homa. Kiingereza hubadilisha tumbo la neno, na katika kubadilisha huko maneno haya mawili yakagongana. "Lie", ikienda jana, inakuwa "lay". Naam, "lay" ile ile. Jana nililala chini ya mwembe: "Yesterday I lay under the mango tree". Hiyo ni sahihi kabisa, ingawa haina yambwa, kwa kuwa "lay" hii si laza. Ni lala iliyokwisha kupita. Na "lay" yenyewe, ile ya kulaza, ikienda jana inakuwa "laid": jana nilimlaza mtoto mkekani, "Yesterday I laid the child on the mat".

Kwa hiyo neno "lay" linafanya kazi kwa mabwana wawili. Leo ni laza, jana ni lala. Nawasihi wenzangu mliweke hili moyoni kuliko mengine yote, maana nimeona kwamba wengi wanaokosea hawakosei kwa kutojua yambwa, bali kwa sababu wamesoma mahali fulani "he lay on the grass", wakaona imeandikwa katika kitabu cha heshima, wakahukumu kwamba basi "lay" ni kulala, wakaanza kusema "I want to lay on the grass". Kitabu kilikuwa sawa. Kilisema habari za jana.

Iko pia sura ya tatu, ile inayofuata "have" na "has". Kwa "lay" ni rahisi: "laid" tena. Kwa "lie" ni "lain", neno ambalo halisikiki mara kwa mara, na watu wengi huliogopa kama nyoka, wakaweka "laid" mahali pake. Lisiogopwe. Nimelala hapa tangu asubuhi: "I have lain here since morning". Kwa masikio yetu lina sauti ya ajabu kidogo, lakini ndilo.

Tena kuna jambo la ulimi. Mtu akisema upesi "laid down", zile d mbili zinameza moja nyingine, na sikio haliwezi kupambanua kama amesema "laid down" au "lay down". Waliojifunza Kiingereza kwa kusikia tu, nao ni wengi, wangejuaje? Kosa hili lina mlango wazi kila upande.

Sasa nifike kwenye lile linaloweza kumdhuru mtu. Kuna "lie" nyingine, isiyo jamaa ya hii hata kidogo, ambayo maana yake ni kusema uongo. Hiyo ni tiifu: "lie" leo, "lied" jana, "lied" baada ya "have". Na kwa kuwa "lied" inafuata kanuni tuliyoizoea ya kuongeza d, mwanafunzi anayetaka kusema alilala huiokota hiyo. Mwenzetu mmoja wa bweni letu alikuwa amepatwa na malaria, naye akaandika barua kueleza kwa nini hakuhudhuria masomo. Aliandika: "I lied in bed for three days". Maana yake kwa Kiingereza ni kwamba alisema uongo kitandani kwa siku tatu. Mwalimu wa bweni akamrudishia barua, ameandika chini yake kwa Kiswahili: "Sasa hii ni siku ya nne. Sema kweli." Tulicheka sana, na mwenzetu naye akacheka, kwa kuwa mwalimu alimjua na alikuwa amemwona akitetemeka.

Lakini si kila barua huenda kwa mtu akujuaye. Fikiri kijana aliyeshuhudia ajali barabarani, naye anaandika maelezo yake kwa Kiingereza. Anataka kusema kwamba dereva alilala kando ya barabara mpaka polisi walipofika. Akiandika "the driver lied beside the road until the police came", amemshtaki dereva kwamba alikuwa akisema uongo. Dereva yule pengine alikuwa amezimia, hana hata neno la kusema. Karatasi ile huhifadhiwa katika faili, na atakayeisoma baada ya miezi sita hakuwapo, wala hamjui shahidi, wala hatacheka. Neno "lay", herufi tatu, lingemlinda mtu asiye na kosa. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba haya ni mambo ya wino mwekundu tu.

Sehemu inayonipendeza mimi zaidi ya zote ni asili ya maneno haya.

Katika Kiingereza cha zamani, kile kilichosemwa Uingereza kabla Wanormani hawajaingia mwaka 1066, kulala kulikuwa "licgan" na kulaza kulikuwa "lecgan". Wataalamu wa lugha wameonyesha jinsi neno la pili lilivyozaliwa kutoka katika la kwanza. Wazee wa Kiingereza, kabla hata hawajavuka bahari kuingia Uingereza, walikuwa na desturi ya kutengeneza kitenzi cha kumfanyisha mtu tendo. Walichukua shina lenye sauti ya a, wakapachika nyuma yake sauti ndogo ya i au y. Kutoka katika shina "lag" wakapata "lagjan". Baadaye ile y ikaivuta a iliyotangulia ikawa e, kisha y yenyewe ikamezwa. Alama pekee iliyobaki ni badiliko la irabu.

Tulia kidogo hapo, msomaji, utazame laza. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanatuambia kwamba nasi tulikuwa na sauti ndogo kama hiyo ya i au y, iliyopachikwa mwishoni mwa shina ili kumfanyisha mtu tendo. Bado inasikika wazi katika pona na ponya. Katika lala ilipokutana na l, zikayeyushana zikawa z: laza. Ikikutana na k hutoa sh: waka, washa. Ikikutana na t hutoa s: takata, takasa. Kwetu sauti ile ilimezwa ikaibadili konsonanti. Kwao ilimezwa ikaibadili irabu. Si kwamba lugha hizi ni ndugu. Hasha, hakuna undugu wowote baina yao. Ni watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwake, waliochonga mpini wa jembe wakafanana.

Tofauti ni kwamba sisi jembe letu bado tunalima nalo kila siku, na zaidi tuna viambishi vipya vya -sha na -za tunavyoweza kuvitia karibu katika kila kitenzi. Waingereza waliliacha lao likaota kutu. Yamebaki maneno machache tu, kama meno ya mzee. "Sit" ni keti, na "set" hapo mwanzo ilikuwa ketisha, ikatoka katika "sat" kwa njia ile ile ya a kuwa e. "Drink" ni nywa, na "drench", kutoka katika shina la "drank", ilikuwa nywesha. Siku hizi mtu aliyenyeshewa mvua akalowa chapachapa husema amekuwa "drenched", na maana ya kunywesha imesahaulika mjini. Lakini mfugaji akimtia ng'ombe dawa ya minyoo mdomoni kwa chupa, madaktari wa mifugo husema mpaka leo kwamba "he is drenching the cow". Kwa hiyo mchungaji wa Ankole anaweza kuwa anaijua maana ya kale ya neno hili kuliko karani wa London. Waganda nao husema okunywa na okunywesa.

Halafu "fall" na "fell". Mti ukianguka, "it falls". Mkata miti akiuangusha, "he fells it". Na hapa mtego ni ule ule wa "lay", kwa kuwa "fell" ni jana ya "fall" na tena ni leo ya kuangusha. Jana mti ulianguka: "the tree fell". Jana waliuangusha mti: "they felled the tree". Mwenye kuelewa jozi moja ameelewa na ya pili bure.

Kuna na "rise" na "raise", ambazo hazina taabu kubwa. Jua "rises", na kiranja akiipandisha bendera asubuhi "he raises it". Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, wamezihifadhi jozi hizi vizuri zaidi: "liegen" na "legen", "sitzen" na "setzen", "trinken" na "tränken". Ni Waingereza ndio waliozembea.

Nasema wamezembea, lakini haki isemwe: si jambo la jana. Kuitumia "lay" kwa maana ya kulala kunapatikana katika maandishi yao tangu miaka ya 1300 hivi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeudhika. Ni katika karne ya 18 ndipo walimu wa sarufi walipoanza kulipigia kelele. Hata Byron, mshairi mkubwa, aliweka "lay" mahali pa "lie" katika sehemu ya nne ya shairi lake refu la "Childe Harold's Pilgrimage", iliyotoka mwaka 1818, kwa kuwa alihitaji vina. Na wachambuzi wamemsema kwa hilo tangu wakati huo. Washairi wetu nao hukata maneno na kuyanyosha kwa ajili ya vina, kwa hiyo nadhani malenga wa Lamu au Mombasa angemsamehe upesi. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Dylan akatoa wimbo uitwao "Lay Lady Lay", na kwa kipimo cha sarufi jina hilo lingekuwa na "lie". Wimbo umependwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo wako wasemao, na mmoja wao ni rafiki yangu mwenye akili kunishinda: ikiwa wenye lugha wanakosea, kwa nini sisi tuumie kichwa? Hoja hiyo siidharau. Sehemu nyingi za Uingereza na Marekani watu wa kawaida husema "I'm going to lay down", nao si wajinga. Ndivyo walivyosema wazazi wao. Katika mazungumzo mimi sitamsahihisha mtu, na huyo anayesahihisha wenzake mezani wakati wa chakula sipendi kuketi naye. Maandishi ni jambo jingine. Mwingereza akiandika "lay" vibaya, msomaji atadhani aliharakisha. Mwafrika akiandika hivyo hivyo, msomaji yule yule atadhani hajui Kiingereza. Hilo si haki, lakini ndilo lililopo, na karatasi ya mtihani haina nafasi ya kulijadili. Tena mwenye Kiingereza tangu kuzaliwa amelipoteza jembe lake. Sisi tunalo begani. Atakayejikwaa hapa ni mtu aliyeacha kutumia alichonacho.

Hata hivyo, nisije nikawapotosha. Kiswahili hukuongoza vizuri, lakini mahali patatu au panne kitakutupa shimoni ukikifuata kwa kufumba macho. Tukisema "Nililala Mbarara" twamaanisha tulipitisha usiku huko, na hapo Mwingereza hatumii "lie" bali hutafuta neno jingine kama "spent the night". Tukisema "Mtoto amelala" mara nyingi twamaanisha usingizi, na hiyo ni "sleep". Na tukisema "Baba amelazwa hospitali", usiandike kwamba "he was laid in hospital", ambayo humfanya baba kama tofali. Waingereza husema "he was admitted". Kadhalika usiigeuze kila weka kuwa "lay". Sukari huiwekwi katika chai kwa "lay", wala fedha mfukoni. Hizo ni "put". "Lay" hupenda kitu kitandazwe, kinyoshwe, au kishushwe chini taratibu.

Kujilaza ndiko kunakoleta mshangao. Kwa Kiswahili mtu aweza kulala chini au kujilaza chini, na maana zakaribiana sana. Kiingereza cha zamani kilikuwa na desturi hiyo hiyo ya kujilaza, na katika Biblia yao ya mwaka 1611 utamkuta mtu akijilaza, yaani "lay" pamoja na "me" baada yake. Hapo "lay" ni sahihi, maana yambwa ipo: ni yeye mwenyewe. Nadhani wengine walilisikia hilo kanisani tangu utoto, wakaidondosha ile "me", wakabaki na "lay" tupu.

Haya, jaribuni hizi kabla ya kengele. Ziwa Bunyonyi liko karibu na Kabale: ni "lies" au "lays"? Waashi walipanga matofali mia mbili jana. Nguo zimelala kwenye majani tangu asubuhi. Mzee alilala chini akatazama nyota. Majangili walimvizia tembo njiani, na askari wa wanyama nao wakawawekea majangili mtego.

Ziwa "lies", kwa kuwa hakuna aliyelilaza. Waashi "laid", yambwa ni matofali. Nguo "have lain". Mzee "lay down", nayo ni jana ya "lie", kwa hiyo msishtuke kuiona bila yambwa. Majangili "lay in wait", walilala wakingoja; askari "laid a trap", waliweka mtego. Ya mwisho nilimwuliza rafiki yangu yule mwenye akili: kuku yumo katika kiota chake, je, ni "the hen is lying in the nest" au "the hen is laying in the nest"? Alisema zote mbili huwa sahihi, ila kwanza sharti umwinue kuku utazame chini yake.